Dramu za Umeme kwa Fedha Kidogo: Mjadala wa Kinampanda

Seti ya dramu ya umeme ina sehemu tatu: pedi zinazopigwa kwa vijiti, kisanduku cha sauti kilichounganishwa na pedi hizo kwa nyaya, na chombo cha kusikilizia, yaani hedifoni au spika. Chini ya uso wa kila pedi kumebandikwa kisahani chembamba cha piezo, kauri maalumu inayotoa umeme kidogo sana inapotikiswa. Kijiti kikigonga, kisahani hutoa umeme huo. Kisanduku hupima ukubwa wake, huchagua sauti iliyohifadhiwa ndani yake, kisha huitoa kwa nguvu inayolingana na pigo. Pedi yenyewe haina mlio wa maana. Jambo hili dogo ndilo chanzo cha makosa mengi ya wanunuzi wenye fedha kidogo: mtu hutazama seti dukani, huhesabu pedi, hulipa, kisha akifika nyumbani hutambua kwamba alichonunua hakisikiki kwa mtu yeyote ila yeye aliyevaa hedifoni.

Kinampanda, katika Wilaya ya Iramba mkoani Singida, ni mahali pa elimu na pa uimbaji. Kuna Chuo cha Ualimu, na wanachuo hukaa mabwenini au katika vyumba vya kupanga vinavyogusana kuta. Ulutheri umeota mizizi Iramba tangu zama za wamisionari Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wamarekani wa sinodi ya Kilutheri ya Augustana waliichukua kazi hiyo kuanzia miaka ya 1920, na kwaya ya sauti nne ni sehemu ya urithi huo. Swali la dramu za umeme mahali kama hapa lina pande nyingi, na hoja zake zimepangwa hapa kwa sauti nne: mwalimu wa kwaya, mwanachuo mpiga dramu, mama mweka hazina wa kwaya, na fundi wa redio. Ni sauti za nafasi wanazoshika watu, si za watu fulani.

Mwalimu wa kwaya huanza kwa kupinga. “Kanisa lina paa la bati na watu ni wengi. Dramu ya ngozi haiulizi umeme wala spika. Mpigaji akikaa tu, watu wa nyuma kabisa wanasikia. Hiki chombo cha nyaya kinatuongezea nini?”

“Mwalimu, hilo ni kweli kwa siku ya Jumapili,” hujibu mwanachuo. “Lakini mpigaji hatengenezwi Jumapili. Anatengenezwa jioni za wiki nzima, na jioni hizo mimi niko kwenye chumba cha kupanga. Upande huu wa ukuta yuko mtoto mchanga, upande ule kuna mwenzangu anayeandaa somo la kesho. Nikigonga sneya ya kweli mara kumi, mwenye nyumba yuko mlangoni.”

Hoja zote mbili zina msingi. Sneya ya kawaida ikipigwa kwa nguvu hupita desibeli 100 masikioni mwa mpigaji, na hakuna namna ya kuipunguza bila kubadilisha pigo lenyewe. Seti ya umeme hutenganisha pigo na ukubwa wa sauti: mkono hupiga kwa nguvu zake zote, sikio hupokea kiasi linachotaka. Kwa hiyo swali la kwanza si kampuni gani wala bei gani, bali seti itapigiwa wapi. Chumba cha kupanga huhitaji pedi tulivu na hedifoni nzuri. Kanisa huhitaji spika kubwa na umeme usiokatika. Ni vigumu sana fedha kidogo kutimiza mahitaji yote mawili kwa wakati mmoja, na anayejaribu huishia na seti isiyofaa popote.

Mahali penyewe pana nafuu yake. Katika maghorofa ya Ulaya, adha kubwa ya dramu za umeme ni mtikisiko wa pedali ya mguu unaoshuka kupitia sakafu hadi kwa jirani wa chini, na watu hugharimia majukwaa ya mpira ili kuuzuia. Kinampanda nyumba nyingi zimekaa juu ya ardhi. Chini ya sakafu hakuna jirani. Fedha za jukwaa zinaweza kwenda kwenye pedali yenyewe.

Mama mweka hazina huingia na swali gumu kuliko yote. “Mwanangu, kinanda chetu tayari kina midundo. Unabonyeza kitufe, dramu zinalia, tena hazichoki. Nitawaambiaje waumini kwamba tunataka zaidi ya shilingi milioni kwa kitu ambacho tunacho?”

Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akipinga, hapa hubadilisha upande. Mdundo wa kinanda haumwoni kiongozi wa kwaya. Waimbaji wakitaka kupunguza mwendo kabla ya ubeti wa mwisho, au maombi yakianza katikati ya pambio, mashine huendelea na hesabu yake ileile. Mpigaji hutazama mkono wa kiongozi, hushusha, hungoja, huinua. Tena sebene ambalo kwaya nyingi za Afrika Mashariki hupenda kumalizia nyimbo lina deni kwa mikono ya wapiga dramu wa Kinshasa. Meridjo Belobi wa bendi ya Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa mwaka 1969, ndiye anayetajwa zaidi kwa mdundo wa cavacha: mapigo ya haraka yasiyokatika kwenye sneya au haihati, yenye mikazo inayousukuma wimbo mbele. Mdundo huo ukipangwa kwenye mashine kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho hukosa msukumo huo. Anayetaka kuujifunza anahitaji chombo kinachotofautisha pigo dogo na pigo kubwa.

Hapo mjadala hufika kwenye pedi, na pedi zinastahili kuzungumzwa kwa kirefu. Simmons ya Uingereza ilipotoa SDS-V mwaka 1981, pedi zake za pembe sita zilikuwa na uso wa plastiki ngumu, na wapigaji wengi walilalamika kuumwa viganja na viwiko. Baadaye ukaja mpira, ulio laini zaidi lakini bado unaogonga kwa sauti kavu inayopita ukutani. Mabadiliko makubwa yalitokea mwaka 1997, Roland ilipotoa seti ya TD-10 yenye ngozi za wavu zilizotengenezwa kwa kushirikiana na Remo, kampuni ileile iliyokuwa ikitengeneza ngozi za plastiki za dramu tangu mwaka 1957. Wavu hupitisha hewa, hivyo hutoa kelele ndogo sana, na unaweza kukazwa au kulegezwa kwa ufunguo ili kijiti kiruke kama kinavyoruka juu ya ngozi ya kawaida. Kwa miaka mingi ngozi za wavu zilikuwa za matajiri. Kuanzia mwaka 2018, seti kama Nitro Mesh ya Alesis ziliuleta wavu kwenye daraja la bei ya chini, na tangu hapo ni vigumu kupata sababu ya kumshauri mkazi wa chumba cha kupanga anunue mpira mtupu kwa bei ileile.

Hata hivyo, wavu peke yake haumalizi habari. “Niulize kuhusu sneya,” husema mwanachuo, “maana nusu ya kupiga dramu ni sneya.” Sneya ya kweli hutoa sauti moja ikipigwa katikati na nyingine ikipigwa ukingoni, na mpigaji wa sebene hutumia zote mbili. Pedi yenye ukanda mmoja haijui tofauti hiyo. Yenye kanda mbili ina sensa ya uso na sensa ya ukingo. Yamaha imetoa mfano mzuri wa kujifunzia suala hili katika familia yake ya DTX402. Seti za DTX402K, DTX432K na DTX452K hutumia kisanduku cha sauti kilekile. Ya kwanza ina pedali isiyo na nyundo, inayokanyagwa hewani. Ya pili ina mnara wa besi, yaani pedi ya ngoma ya mguu iliyosimamishwa, wenye pedali ya kweli. Ya tatu inaongeza sneya ya kanda tatu. Yaani fedha za ziada haziendi kwenye sauti hata kidogo. Zinakwenda mguuni na kwenye mkono wa kushoto, na huko ndiko zinakostahili kwenda. Mwanafunzi aliyezoea pedali isiyo na nyundo hupata taabu siku anapokaa kwenye dramu za kanisani, kwa sababu mguu wake haujawahi kuhisi nyundo ikigonga na kurudi.

Haihati ndiyo sehemu ambayo seti za bei nafuu hudanganya zaidi. Kwenye dramu za kawaida ni matoazi mawili yanayofunguka na kufungana taratibu, na mpigaji hodari hukaa katikati, pasipo wazi wala kufungwa, kwa muda mrefu. Kwenye seti ya bei ndogo kuna pedi moja iliyotulia juu na pedali yake chini, zikiunganishwa kwa waya tu. Nyingine hutambua hali mbili au tatu pekee. Kipimo cha dukani ni rahisi: piga mfululizo kwa mkono huku ukikandamiza pedali polepole kabisa. Ikiwa sauti inabadilika kwa hatua nyingi, ni nzuri. Ikiruka ghafla kutoka wazi hadi kufungwa, seti hiyo itamchosha mpigaji katika miezi michache.

Kuhusu idadi ya sauti, maneno machache yanatosha. Kasha la Nitro Mesh hutangaza sauti 385, kisanduku cha DTX402 sauti 415, Nitro Max ya mwaka 2023 sauti 440. Mpigaji wa kwaya hutumia seti mbili au tatu za sauti mwaka mzima. Sneya moja nzuri ina thamani kuliko mamia ya sauti za ziada, na hesabu hizo hazifai kuwa sababu ya kuongeza hata shilingi elfu kumi.

Mama mweka hazina hurudi kwenye fungu lake. “Nitajieni jumla. Si bei ya boksi, jumla.”

Seti za daraja la kuanzia kutoka kampuni zinazojulikana huuzwa Marekani na Ulaya kwa takriban dola 350 hadi 600. Dola ikihesabiwa kwa shilingi 2,500, seti ya dola 400 ni shilingi 1,000,000 kabla ya usafiri, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Boksi mara nyingi halina stuli wala hedifoni, na baadhi ya seti zenye mnara wa besi huuzwa bila pedali. Kwa hiyo mwenye shilingi 1,500,000 asitafute seti ya shilingi 1,500,000. Mgawanyo wa busara ni kuiachia seti, hata ikibidi iwe iliyotumika, takriban sehemu sita katika kumi na kutunza sehemu nne kwa ajili ya vinavyobaki: stuli imara, pedali, vijiti, hedifoni inayofunika masikio yote, na spika.

Spika ndiyo inayopuuzwa na wengi, na hapo fundi wa redio hupata nafasi ya kusema. “Vijana wananiletea sabufa za nyumbani zilizoungua. Wamechomeka dramu, wakafungulia mpaka mwisho. Sabufa imezoea muziki uliokwisha kusawazishwa studioni. Pigo la dramu linakuja ghafla, bila breki.” Maelezo yake ni sahihi. Ngoma ya mguu huishi kwenye masafa ya chini, karibu na hezi 50 hadi 100, na kila pigo ni mshtuko mfupi mkubwa. Spika ndogo hulazimika kutikisika kupita uwezo wake. Sabufa ya nyumbani inafaa chumbani kwa sauti ya wastani, ikiunganishwa kwa kebo inayotoka jeki kubwa ya milimita 6.3 kwenda kwenye matundu mekundu na meupe nyuma yake. Kwa kanisa, spika yenye amplifaya ndani na koni ya inchi 12 au 15 ndiyo ya chini kabisa, au njia mbili zisizotumika kwenye mikseta iliyopo. Amplifaya ya gitaa haifai, kwa kuwa haikuundwa kubeba sauti za chini kiasi hicho wala mng’ao wa matoazi.

Kosa lingine linaloongezeka ni kutaka kupeleka sauti ya dramu kwenye spika kwa Bluetooth. Njia hiyo huchelewesha sauti kwa milisekunde 100, 200 au zaidi. Mkono unagonga sasa, mlio unafika baadaye, na hakuna binadamu anayeweza kushika mwendo namna hiyo. Bluetooth iliyomo kwenye seti kama Nitro Max ni ya kupokea muziki kutoka kwenye simu ili mwanafunzi aufuatishe. Sauti ya kutoka hupita kwenye waya.

“Na umeme ukikatika?” huuliza mwalimu wa kwaya, akijua kwamba hapo ana hoja. Bwawa la Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024, lakini nguzo ikiangushwa na dhoruba kijijini, megawati za Rufiji hazisaidii jioni hiyo. Jibu la fundi linawashangaza wengi: kisanduku cha sauti chenyewe kinatumia umeme mdogo, volti 9 au 12 na wati chache tu. Betri ndogo, au benki ya umeme ya simu yenye kebo ya kupandisha volti kama zile za ruta, inaweza kukiendesha kwa saa nyingi, na mwanachuo akaendelea na hedifoni gizani. Kinachokula umeme ni spika. Kwa ibada, hilo humaanisha jenereta, au dramu ya ngozi iliyowekwa tayari kando.

Onyo moja la fundi linafaa kuandikwa kwenye ukuta wa kila chumba cha kwaya: adapta zisibadilishanwe. Vifaa vingi vya Roland hutaka hasi katikati ya plagi, vingi vya Yamaha hutaka chanya. Plagi zinaweza kuingiana vizuri kabisa, na kisanduku kikafa papo hapo.

Katika matengenezo, seti ya umeme haina balaa linalodhaniwa. Pedi iliyoacha kulia mara nyingi ina waya uliokatika kwenye jeki au kisahani cha piezo kilichopasuka, na kisahani hicho ni cha aina ileile inayotumika kwenye vifaa vidogo vya kulia kengele. Fundi mwenye pasi ya risasi na kipimo cha umeme anaweza kukibadilisha kwa gharama ndogo. Seti nyingi za bei nafuu hukusanya nyaya zote katika mkia mmoja wenye plagi ya pini 25. Mkia huo ukivutwavutwa hukatika ndani, nao pia hutengenezeka. Kisichotengenezeka kirahisi ni kisanduku. Kwa sababu hiyo, jina la kampuni lina uzito kwenye kisanduku kuliko kwenye pedi: seti isiyo na jina ikipoteza kisanduku imekwisha, wakati kisanduku cha Alesis, Roland au Yamaha kinaweza kutafutwa kilichotumika, kikaunganishwa na pedi zilizopo. Adui wa kila siku ni vumbi. Singida ina upepo mwingi, na kiangazi vumbi hupenya kwenye jeki na kwenye pedali ya haihati. Kitambaa kikubwa cha kufunikia ni sehemu ya bajeti.

Mwalimu wa kwaya hubaki na pendekezo lake, nalo lisitupwe. Seti ya ngozi iliyotumika, yenye matoazi yasiyopasuka, hulitumikia kanisa vizuri kuliko seti ya umeme ya daraja la kuanzia iliyochomekwa kwenye spika dhaifu. Hilo ni kweli, na usharika wenye fungu moja tu la kutumia kanisani uchague hiyo. Kuna pia njia ya kati ambayo bendi nyingi za Kongo na Tanzania zimeitumia: dramu za ngozi pamoja na bamba moja la pedi nane, aina ambayo Roland iliianzisha kwa Octapad mwaka 1985. Bamba kama SamplePad Pro ya Alesis huongeza makofi, kengele na ngoma zilizorekodiwa, bila kuondoa nguvu ya dramu za kweli. Kwa mwanafunzi, hata hivyo, bamba halifundishi mguu, na kwa hiyo halichukui nafasi ya seti.

“Basi gawaneni,” huamua mama mweka hazina. “Kanisa litafute za ngozi. Hizi za umeme ziwe za mazoezi, zikae mahali ambapo vijana watatu wanne wanaweza kupokezana, na kila mmoja aje na vijiti vyake.” Uamuzi huo una mantiki zaidi ya uchumi. Kinampanda hulea walimu, na mwanachuo aliyejifunza kushika mwendo huondoka na ujuzi huo kwenda kwenye shule atakayopangiwa, mbali na seti yoyote.

Kinachobaki ni kununua na kusafirisha. Maduka mengi ya vyombo vya muziki yako Kariakoo, na kutoka Dar es Salaam hadi Singida mjini ni takriban kilometa 700 kabla ya kupanda kuelekea Iramba. Kurudisha kifaa kibovu kunaweza kugharimu kuliko kosa lenyewe. Kwa hiyo seti, mpya au iliyotumika, hufungwa yote dukani na kupigwa kabla ya kulipwa. Kila pedi hupigwa kwa ncha ya kidole, kisha kwa kijiti polepole, kisha kwa nguvu, katikati na ukingoni. Pigo moja likitoa milio miwili, au kugonga tomu kukaamsha toazi la jirani, muuzaji aombwe arekebishe usikivu wa pedi kwenye kisanduku. Tatizo likibaki, seti hiyo iachwe. Toazi hushikwa kwa vidole baada ya kupigwa ili kuona kama mlio unakatika. Kebo ya USB huunganishwa na kompyuta mpakato kuhakikisha kwamba tundu linafanya kazi, kwa sababu kupitia hapo seti ya bei ndogo inaweza kupewa sauti bora za programu ya kompyuta miaka ijayo bila kununuliwa pedi nyingine. Vyuma na pedi huingia kwenye buti la basi vikiwa vimefungwa blanketi. Kisanduku cha sauti hubebwa mkononi, pamoja na adapta yake ya asili na visahani vichache vya piezo vya akiba kwa ajili ya fundi.